Breki Niliyoisingizia

Karuba, Alhamisi jioni. Mvua imeacha, lakini ukungu bado umelala juu ya vilima, na mimi sina hamu ya kula.

Leo nimemsingizia mtu.

Mimi ndiye mwanamke pekee anayeendesha trekta ndogo ya ushirika wetu. Asubuhi nilivuta remorki, tela lililojaa viazi, kutoka shamba la juu. Kwenye barabara ngumu nilikuwa nimeondoa kat-kat, ile gia ya kuvutisha magurudumu ya mbele na ya nyuma pamoja, na hapo sikukosea: magurudumu yote manne yakivuta pamoja kwenye ardhi ngumu, usukani unakuwa mzito, matairi yanalika, gia zinaumia. Kosa langu lilikuwa kwenye mteremko. Breki za trekta hii zinakamata magurudumu ya nyuma tu. Ukiweka kat-kat, ya mbele yanaungana na ya nyuma kupitia gia, na ukikanyaga breki yote manne yanazuia. Mteremko wa matope, mzigo ukikusukuma mgongoni, huuteremki bila kat-kat. Ninalijua hilo vizuri sana.

Lakini pale juu watu walikuwa wamesimama wakinitazama. Sikutaka kusimama nikipapasa vyuma kama mgeni. Nikateremka hivyo hivyo, bila kat-kat.

Nilipokanyaga breki, magurudumu ya nyuma yaliganda, yakaanza kuteleza. Trekta ikaacha njia, ikaingia katika maharage ya Mama Bahati, ikalaza mistari mizima iliyokuwa imechanua, ikagota kwenye tuta.

Mama Bahati alikuja mbio. Hakuangalia maharage.

"Dada, uko muzima?"

Nikajibu, "Breki imekatala."

Maneno yalitoka yenyewe. Watu wakamgeukia Safari, fundi wetu, aliyetengeneza breki hizo wiki hii. Mmoja akamuuliza kama alitaka kuniua. Safari akanisogelea, uso umemshuka.

"Unisamehe, dada. Pengine sikukaza muzuri."

Aliniomba msamaha. Mimi!

Nikamwacha alale kwenye matope chini ya trekta, akitafuta ubovu ambao haupo. Nilijiambia kwamba nikisema kweli, watasema wanawake hawawezi, na dada wengine wanaotaka kujifunza watanyimwa kwa sababu yangu. Inasikika vizuri. Lakini pale sikuwa nawafikiria wao. Nilikuwa nalinda sura yangu.

Alipotoka chini amejaa matope, nilishindwa kuendelea. Nikasema mbele ya wote, "Breki iko muzuri. Ni mimi nilisahau kuweka kat-kat."

Hata hapo nilikuwa nadanganya. Nikaanza tena.

"Hapana, sikusahau. Nilikataa kusimama kwa sababu ya macho yenu. Safari hana kosa."

Hakuna aliyecheka. Heri wangecheka. Safari alifuta mikono kwenye majani, akapanda, akaweka kat-kat, akaitoa trekta shambani polepole. Akaenda nayo bila kunitazama.

Nilibaki na Mama Bahati tukiinua mashina yaliyolala. Mengi yamevunjika. Nimemwahidi kumlimia sehemu ile kwa jembe na kuipanda upya mimi mwenyewe. Alisema tu, "Ukuje mapema, mvua isitukute."

Sijui kama Safari atanisalimia tena. Kesho asubuhi, kabla ya kwenda shamba la Mama Bahati, nitapita kwake nimsalimie mimi. Akinyamaza, nitasimama pale mlangoni, nikipokee kimya chake. Leo mimi nilimpa kitu kizito kuliko hicho: kosa langu.