Fimbo ya Duka na Uwanja wa Baba Hanta

Ampisikina, Mahajanga
Jumamosi

Dada yangu Mwanaidi,

Barua hii ikikukuta umeketi, usiinuke kwanza, isome hapo hapo. Mwili wangu mzima, roho ndiyo haitulii. Kifua cha Mama vipi? Na goti lako? Tangu mfungo nimeandika barua tatu, nimejibiwa moja, tena ya mistari minne. Sinung'uniki, nahesabu tu.

Baba Hanta amefariki. Ni yule Mmalagasi Mkristo wa Nosy Be, karani wa mizani ya miwa, baba wa watoto sita, aliyenipa chumba nilipofika huku sijui hata neno la kuombea maji. Habari ilinifikia siku ya sita. Nikapanda meli, siku mbili baharini, nikakuta wameshazika. Najua maiti hangoji msafiri, lakini limeniuma.

Unakumbuka nilivyokueleza alivyopenda tenisi. Jioni akitoka mizanini hata viatu habadilishi, moja kwa moja uwanjani nyuma ya kanisa, kufundisha vijana kwa mipira saba iliyonyonyoka manyoya. Kabla ya kuanza wote wanasimama wavuni, wanaomba. Jumapili raketi zinafungiwa kabatini pamoja na sahani za wageni, na ufunguo anakaa nao mkewe. Siku moja nilimuuliza, "Hesabu gani hii? Kumi na tano, thelathini, halafu arobaini! Tano zimekwenda wapi?"

"Hizo ni sadaka, Salimu," akasema, akacheka mpaka akaketi chini.

Sasa nikuambie nililokuficha. Uwanja ule niliupima mimi. Nilikuwa na mwezi mmoja tu kisiwani. Vipimo nilikuwa navyo kichwani tangu nilipokuwa nikivuta roli la kusawazisha uwanja wa tenisi wa Wazungu kule Tanga: urefu yadi ishirini na sita, upana yadi tisa. Nikaazima duka la nguo fimbo ya kupimia vitambaa. Kwetu fimbo ya duka ni yadi. Huku, Dada, ni mita, inaizidi yadi kwa upana wa kiganja. Mfaransa kashusha bendera, mita kaiacha. Sikuuliza. Nani anamuuliza mwenye duka urefu wa fimbo yake? Na Baba Hanta alisema, "Wewe ndiye mwenye hesabu," akazika matofali ya mistari pale pale nilipomwonyesha, akayapaka chokaa.

Kila upande wa wavu urefu ukazidi hatua moja kubwa. Vijana wakajifunzia humo mwaka mzima, kisha tukawaleta hapa Mahajanga kushindana. Hanta, binti yake mkubwa, alipiga nje mara kumi na saba. Wajua mimi nahesabu kila kitu. Kumi na nne kati ya hizo zilipita mstari kwa hatua ile ile. Watu walipokwenda kula nikaingia uwanjani, nikapima kwa nyayo, nikaelewa. Nikamwambia Baba Hanta peke yake. Akanishika bega: "Basi tutazika matofali upya."

Hayakuzikwa. Tuliporudi, wakubwa wa chama cha tenisi walimnyang'anya vijana wote, eti anafundisha tenzi za kanisa badala ya mpira. Hakunitaja. Nilingoja anitaje, hakunitaja. Nami nilikuwa naomba kazi hii ya kupima mbao. Ningesema nini? Kwamba sijui yadi na mita? Nikahamia huku, yeye akabaki na lawama yangu. Alinitendea wema nisiomwomba, Dada, na mpaka leo nimekasirika naye.

Basi safari hii, Jumapili baada ya ibada, watu wakakusanyika nyumbani kwa marehemu. Mkwe wa bosi wangu alikuwa mkabala nami. Karani wa chama, mdomo umejaa wali, akasema, "Mtu wa Mungu kweli yule. Lakini mpira, aa! Aliwafundisha kupiga mbinguni."

Watu wakacheka. Hanta hakucheka. Nikaweka sahani chini.

"Aliwafundisha kupiga ndani ya mstari," nikasema kwa Kimalagasi changu kibovu. "Mstari ndio ulikuwa wa uongo. Niliuweka mimi."

"Wewe, mpima mbao?"

"Mimi, mpima mbao."

Hanta akanikazia macho. "Baba alijua?"

"Alijua tangu siku ile."

"Na wewe ulijua kwamba kila jioni alikuwa anakwenda kuchungulia wanafunzi wake wakifundishwa na wengine, kupitia ua wa watu?"

Hilo sikulijua. Afadhali angenipiga kofi.

Nikainuka kwenda uwanjani. Hanta akanizuia mlangoni. "Kesho. Leo Jumapili."

Jumatatu nikapima kwa utepe wa chuma, mara tatu, nikazika matofali mapya. Hanta akaja na raketi ya baba yake. Akapiga mpira mmoja, ukapita mstari wangu mpya, ukaangukia ndani ya ule wa zamani. Akapiga wa pili, pale pale.

"Nje," akasema.

Nikachukua sululu ning'oe matofali ya zamani.

"Hayo yaache. Hapo ndipo Baba alipokuwa akinipigia makofi."

Uwanja wenye mistari miwili! Mimi mtu wa vipimo kitu hicho kinaniwasha mwili mzima. Lakini sikuyang'oa.

Nimerudi kazini siku ya tatu sasa. Bosi hajaniita, ila mkwe wake amepita ofisini, na kila mlango ukilia nainua kichwa. Akinifukuza, mikono ninayo. Mama usimwambie habari za kazi. Mwambie tu kwamba yule aliyenipa chumba amekwenda.

Nisalimie shemeji yangu, mumeo, na shangazi yetu mshonaji, na mwanao mdogo anayeanza shule. Mwambie, kabla hajahesabu, aulize anahesabu nini.

Ni mimi mdogo wako, ambaye barua zake bado zinadai majibu mawili,
Salimu