Tarumbeta ya Kwanza

Bandarini,
9 Februari

Kwa mpwa wangu, tarumbeta ya kwanza,

Pokea salamu za mjomba wako, nzito kama kontena na wala hazitozwi ushuru. Hujambo? Na mama yako je, kifua bado kinambana, au ameacha ubishi akaenda kupimwa? Mimi huku ni mzima kabisa, isipokuwa goti la kulia, ambalo siku hizi linatabiri mvua kuliko redio. Wenzangu wa zamu wananiuliza mimi kwanza ndipo wachukue makoti.

Barua yako nimeisoma nikiwa juu ya kreni, kwa sauti. Huku juu ni mimi na ndege tu, nao walitulia wakasikiliza. Kumbe bendi ya shule imeingia fainali ya taifa, na wewe ndiye mwenye solo! Mpwa, mimi nimefanya kazi bandari nne, nimegombana na mabaharia kwa lugha ambazo sizijui na nikashinda, lakini sijawahi kuvimba kichwa namna hii. Kofia ya kazi hainiingii.

Umelalamika kwamba mazoezi yanakula vipindi vya hesabu. Najua. Mama yako naye ananipigia kelele hizo hizo tangu siku niliyokutoa ile shule ya karibu na kwenu, nikakupeleka huko nje ya mji ukapande basi mara mbili. Lakini nani asiyeijua shule hiyo? Getini pana ubao umeandikwa kwamba hakuna aliyefeli, na ndani pana bendi. Na mwalimu wa bendi ni nani? Ni Kipaza, aliyepewa jina hilo kwa sababu hajui kunong'ona. Nimepiga naye tarumbeta bendi ya karakana ya reli ujana wetu wote, kiti changu na chake vimegusana. Siku nilipokuandikisha, mimi nikiwa mlezi wako, aliniambia mbele ya wazazi wengine: "Mtoto apige, mengine niachie mimi." Kipaza akisema, amesema.

Kwa hiyo puliza. Hesabu haijawahi kumtoa mtu machozi ya furaha.

Ni mimi anayekupenda,
Mjomba


Nyumbani,
14 Machi

Kwa Mjomba mpendwa,

Shikamoo Mjomba. Sisi hatujambo. Mama amepimwa, amepewa dawa, na anasema goti lako nalo lipimwe badala ya kufanywa redio. Anakusalimu sana.

Mjomba, tumeshinda. Zamu ya solo ilipofika midomo ilikuwa imenikauka. Nikakumbuka ulivyonifundisha kule kibarazani, tarumbeta imezibwa na soksi kwa ajili ya majirani, ukisema nivute pumzi pale kabla ya noti ya juu hata kama karatasi haisemi. Nikavuta. Ukumbi mzima ukasimama. Mkuu wa Shule alinikumbatia mbele ya watu, akasema mimi ni mboni ya shule. Kombe limewekwa ofisini kwake.

Sasa nikueleze jambo ambalo sitaki Mama alisome. Mtihani wa majaribio umetoka. Kiswahili na historia vizuri. Hesabu nimeanguka, na kemia imenikwama. Mkuu wa Shule alisema mstarini kwamba shule hii haina mtu anayefeli kidato cha nne, na haitaanza mwaka huu. Wanafunzi wanasema kila mwaka wale wanaotiliwa shaka huondolewa kimyakimya, wanapelekwa kufanya mtihani kwenye kile kituo cha watu wazima nyuma ya soko, kama watahiniwa wa nje. Wakifeli, ni wa kituo. Ndiyo maana ubao wa getini haubadiliki. Sikujua, Mjomba. Nilidhani wanafundisha vizuri.

Siogopi kukaa na watu wazima. Naogopa kukosa chuo cha muziki. Kinachukua mpiga tarumbeta mmoja tu kutoka kila shule, yule anayependekezwa na Mkuu wa Shule, na lazima awe mtahiniwa wa shule hiyo. Nikiondolewa, sina shule. Chuo hakitanisikiliza hata nipige vipi.

Mwalimu Kipaza ni rafiki yako. Tafadhali ongea naye. Hesabu nitasoma, nimempata dada mmoja jirani wa kunifundisha jioni. Naomba tu nibaki.

Mpwa wako na mwanao


Bandarini,
28 Machi

Kwa mboni ya shule,

Salamu zangu zinakuja zikicheza, hivyo zipishe njia. Hamjambo hapo? Mwambie mama yako goti limeshukuru kwa kukumbukwa.

Siku barua yako ilipofika nilishuka kwenye kreni kama mtu aliyechaguliwa mbunge. Nilimwambia msimamizi, nikamwambia mlinzi wa geti, nikamwambia nahodha wa meli iliyokuwa inapakuliwa, ambaye hakuelewa neno lakini alinipa mkono. Kantini sasa wananiita Baba Solo. Nimewarekebisha: Mjomba Solo.

Sasa tulia, nikupe habari njema. Nimempigia Kipaza. Alifurahi kunisikia, unamjua, nilisogeza simu mbali na sikio. Tukacheka mambo ya karakana. Nikamwambia bwana, kuna maneno huko kuhusu mtoto wangu, yanamnyima usingizi. Akasema niondoe wasiwasi kabisa, yeye amekwisha kulipanga. Atakutafutia mahali tulivu pa kufanyia mtihani, mbali na presha ya pale shuleni, ukae na akili yako. Akaniuliza, kwa kuwa mimi ndiye mlezi, kama nimeridhia. Nikamwambia, "Mwalimu ni wewe, fanya unavyoona." Akanishukuru, mpaka nikaona haya.

Ana ombi dogo tu. Binti yake, yule tarumbeta ya pili mliye naye darasa moja, anatamani kuijua ile solo. Umfundishe, mpwa wangu, na pumzi zake zote. Ni mtoto wa rafiki yangu, ni kama dada yako. Usiwe mchoyo, sisi ukoo wetu hatuna choyo, tuna majivuno tu.

Kazi imekwisha. Lala usingizi.

Mjomba wako mwenye watu kila mahali


Nyumbani,
2 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Mama hajambo.

Majina yalisomwa mstarini Ijumaa. Langu lilikuwemo. Tumeambiwa tutafanya mtihani kituo cha nyuma ya soko, na kwamba tangu Jumatatu tusivae sare, ili wageni wasituchanganye na wanafunzi.

Mama aliomba ruhusa kazini kwake, anakofulia nguo za hospitali, akaenda shuleni na aproni yake ya kazi. Mkuu wa Shule alimkaribisha vizuri, akampa kiti. Akamwonyesha kombe. Akamwambia hakuna kilichofanyika kwa siri, mlezi ameridhia. Mama akasema mlezi hawezi kuridhia jambo hilo. Mkuu akajibu kwamba alimsikia kwa masikio yake, simu ya Mwalimu Kipaza ilikuwa juu ya meza ile ile, imewekwa spika. Akarudia maneno yako. Mama aliyatambua, anasema hakuna mtu mwingine anayesema hivyo.

Mahali tulivu ni hapo, Mjomba.

Na aliyependekezwa kwenda chuo ni binti yake Mwalimu Kipaza. Majina yalitumwa mwezi uliopita. Atapiga solo ile ile. Nilimfundisha wiki mbili nzima, jioni, badala ya kwenda kwa dada wa hesabu. Nilimfundisha na pumzi. Wewe ndiye uliyesema nisiwe mchoyo.

Nilimkuta Mwalimu kwenye korido. Nilidhani atapiga kelele kama kawaida yake. Aliongea taratibu sana. Alisema, "Ulitutendea makuu," kisha akaniomba ufunguo wa kabati la ala.

Mpwa wako


Bandarini,
19 Mei

Mwanangu,

Sina salamu za kupamba leo. Nauliza tu: umekula? Mama yako ananionaje?

Nilisoma barua yako nikiwa chini, namshukuru Mungu, kwa maana ningekuwa juu ningeangusha mzigo wa watu.

Nimempigia Kipaza hakupokea. Nikaazima simu ya mwenzangu, akapokea. Nikamuuliza kama ni kweli mkuu wake alikuwa pale anasikiliza wakati mimi nacheka habari za karakana. Akasema ndiyo, shule ilihitaji shahidi. Shahidi, mpwa! Nikiwa namsimulia siku aliyopasuka suruali jukwaani, kumbe nipo mahakamani. Nikamuuliza na lile la binti yake. Hapo ndipo aliponijibu kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, ndogo, ya mtu aliyefanya mazoezi. Akasema, "Kaka, kila mtu na mwanawe. Wewe ungefanyaje?"

Nimewajibu wanaume wakubwa kuliko yeye, tena wenye silaha. Huyu nilimkatia simu.

Nikampigia Mkuu wa Shule. Akanisomea mafanikio ya shule kama mtu anayenadi mnadani: makombe, asilimia, waliokwenda vyuo vikuu. Nikamwambia kombe moja ni la mtoto uliyemvua sare. Akasema kombe ni la shule. Matokeo mabaya ndiyo huwa ya mtoto, nadhani ndivyo alivyomaanisha, ila yeye ni msomi hakuweza kulisema.

Sikujua, mpwa wangu. Aliposema mahali tulivu mimi niliona chumba chenye dirisha. Sikuuliza chumba gani, kwa sababu mtu mwenye watu kila mahali haulizi maswali ya kijinga kwa rafiki yake. Nilitaka Kipaza anione mkubwa.

Niambie nifanye nini. Nije? Niandike chuoni? Sema lolote nitalifanya.

Mjomba wako


Bandarini,
6 Agosti

Mwanangu,

U mzima? Hii ni barua yangu ya tatu tangu ile yako ya Mei. Mama yako ananijibu kwenye simu, ananiambia unasoma, kisha anasema moto unaunguza sufuria. Hiyo sufuria inaungua kila ninapopiga. Siulizi zaidi.

Nataka uisikie kwangu hii kabla hujaisikia kwingine. Shule imetoa video ya siku ya zawadi. Vijana wa zamu waliipata wakaniita kantini, wameunganisha kwenye televisheni kubwa, wameninunulia soda. Mjomba Solo, njoo tumwone mwanao. Sikuwa nimewaambia kitu. Miezi yote hiyo niliendelea kukaa na cheo changu.

Yule binti wa Kipaza akasimama. Anapiga vizuri, sitamsingizia. Alipokaribia ile noti ya juu akavuta pumzi pale pale, mpwa, pale pa kibarazani. Kantini nzima wakapiga makofi, wakanipiga mgongoni. Kisha Mkuu wa Shule akachukua kipaza sauti, akawashukuru wazazi na walezi wanaoielewa shule, akanitaja mimi. Walezi wa kuigwa, alisema. Wenzangu wakapiga makofi tena.

Nikasimama nikawaambia huyo siye. Wakauliza wangu yuko wapi hapo. Nikasema hayupo, mimi ndiye niliyemtoa. Nikatoka nje. Soda niliiacha.

Kipaza sijaongea naye tena tangu Mei wala sitaongea naye. Nakuapia kwa kaburi la bibi yako. Nimeandika chuoni, hawajajibu. Niliandika kwa mkono wangu, kwa Kiingereza changu cha bandarini, labda wanacheka. Wacheke, mradi wasome.

Nijibu hata mstari mmoja. Hata wa matusi. Ukikwama neno zuri la tusi niulize mimi.

Mjomba wako anayesubiri


Nyumbani,
3 Desemba

Mjomba,

Shikamoo. Natumaini goti halikusumbui sana wakati huu wa mvua. Mama amerudia dawa zake, hajambo. Barua zako zote nilizipata, nikazisoma. Samahani kwa kukuweka ukingoja.

Mtihani umekwisha. Ukumbi wa kituo ulikuwa na feni moja, na madawati ya watoto wadogo. Jirani yangu alikuwa kondakta wa basi ambaye alikuwa anafanya hesabu kwa mara ya nne. Alinichekesha sana, ungempenda. Kwenye hesabu nadhani nimevuka, si kwa mbali. Walimu wa kituo walitufundisha usiku baada ya kazi zao, na hawakumtoa mtu.

Chuo walijibu barua yako kupitia kwangu. Waliandika kwa heshima. Wanasema Mkuu wa Shule ndiye anayependekeza, na shule imekwisha kupendekeza.

Jana Mwalimu Kipaza alikuja nyumbani. Alivua viatu mlangoni, akakaa ukingoni mwa kiti. Usaili wa chuo ni wiki ijayo, na wamebadilisha, wanataka mpigaji aanzishe mwenyewe kitu kipya baada ya ile solo, palepale, bila karatasi. Binti yake hawezi. Analia. Akaniomba nikae naye siku chache nimfundishe. Akasema hata angeniwekea neno kwa mwaka mwingine.

Nilikuwa natafuta namna ya kumkatalia mtu mzima. Kabla sijapata, akaniambia, "Mjomba wako nimekwisha kuongea naye. Amekubali."

Mama alikuwa jikoni, akatoka na mwiko mkononi. Akasema huyo mwongo, kaka yake ameapa kwa kaburi la mama yao. Akamfukuza mpaka akasahau kiatu kimoja, tukamrushia dirishani.

Mama hakuwa na shaka hata kidogo, Mjomba. Mimi nilibaki nimekaa. Huenda hukuongea naye. Nadhani hukuongea naye. Lakini aliposema umekubali, sikushangaa. Niliamini hapo hapo, kama mtu anavyoamini kwamba jua limezama. Hilo limeniuma kuliko siku waliyosoma majina.

Ukija likizo karibu nyumbani. Mama ataosha mashuka ya kitanda chako, na mimi nitakupikia. Ila ukiulizwa habari zangu na mtu yeyote, mwalimu au chuo au rafiki, mwambie aniulize mwenyewe.

Mpwa wako