Aliyenisugua Mgongo

Kangemi, Jumapili jioni, 1957

Na mimi ndiye niliyempa mgongo wangu kwa hiari.

Alhamisi Rebeka, jirani yangu na dada yangu katika wokovu, alinisugua kwa ule mchanganyiko wangu wa sukari, pumba laini za mahindi na mafuta ya nyonyo. Alipofika katikati akasimama. "Mama Ezra, hizi ni chale?"

Nikamwambia ukweli. Mama mkwe alinipeleka kwa mganga nilipokawia kupata mtoto, kabla sijaokoka.

"Yameisha hayo, dada," akasema, akaendelea kusugua polepole.

Leo ushirikani akainuka kutoa ushuhuda. Hakutubu la kwake, kama ilivyo desturi yetu. "Tumwombee Mama Ezra, bado ana alama za mganga mgongoni." Wanawake wote wakanigeukia, kisha wakamtazama Ezra wangu kana kwamba hakutoka kwa Mungu.

Mtoto aliniuliza njiani kwa nini walimtazama vile. Nikamshika mkono, tukaongeza mwendo.

Jioni hii nimejisugua peke yangu, kwa yale yaliyobaki koponi. Baba, nisaidie nisimchukie Rebeka. Ngozi imelainika kila mahali, ila pale katikati mkono wangu haufiki.