Wifi, Ulipita Mlango wa Uani

Wifi yangu, Mama Baraka,

Simu zangu hupokei. Ujumbe unausoma, naona kabisa kwamba umeusoma, halafu kimya. Basi nimeona nikuandikie barua, tena ya wazi, isomwe na mama wote wanaoniletea watoto niwalee mchana hapa mtaani kwetu Sakina, maana ulichofanya hukunifanyia mimi peke yangu. Ukikasirika kwamba nimeanika mambo ya nyumbani, kasirika tu. Mimi nimekutangulia kukasirika.

Lakini nianzie mbali kidogo, ili wasomaji wajue ulikuwa nani kwangu.

Kaka yako aliponioa na kunipeleka kwenu mlimani, Nkoaranga, mimi msichana wa tambarare, sikuweza kushuka zile njia zenu wakati wa mvua. Nilikuwa nateleza na ndoo, nateleza bila ndoo. Wenzako walicheka mpaka wakashika mbavu. Wewe ulinipokea mzigo ukaniambia, "Vua hivyo viatu, wifi. Shika udongo kwa vidole." Nikavua. Tangu siku ile niliwaambia kwetu kwamba sikuolewa na mume tu, nimepata na dada.

Nilipojifungua Nuru ndiyo kabisa. Ulichukua likizo ukaja kunilea, ukanipikia mtori wa ndizi na nyama asubuhi na jioni, na ukakaa mlangoni na jagi la maji na sabuni kama askari wa geti. Hakuna aliyemgusa mtoto bila kunawa. Unamkumbuka yule mzee wa kanisa aliyekuja kutuombea, katoka moja kwa moja zizini, mikono bado ina harufu ya ng'ombe?

"Shikamoo mzee. Maji haya hapa."

"Marahaba. Mimi nimekuja kuomba, binti, sijaja kula."

"Ndiyo, mzee. Mungu atakusikia hata ukiwa umenawa."

Jamani! Nilicheka mpaka mshono ukaniuma. Na mzee alinawa, tena akakusifu kwenye sala yake. Nilikuwa nimelala pale na kichanga changu, nikasema moyoni kwamba mwanangu akiwa na shangazi kama huyu, hakuna ugonjwa utakaomfikia kizembe.

Hata hii kazi yangu ni wazo lako. "Unakaa na mmoja, wifi, si ukae na saba?" Ulininunulia ndoo yenye koki ili watoto wanawe maji yanayotiririka, wasirundike mikono kwenye beseni moja kama tulivyolelewa sisi, wa mwisho ananawa tope. Kila mtoto ukampa kikombe chenye utepe wa rangi yake, na taulo lake kwenye msumari wake. Ukasema mahali pa kubadilishia nepi pawe mbali na jiko, na anayebadilisha anawe kabla hajagusa kitu kingine chochote, hata kitasa. Midoli tunaiosha kwa sabuni na dawa, tunaianika juani. Majirani waliniita daktari. Mimi nikawaambia daktari ni wifi yangu, mimi ni nesi tu.

Na ni wewe uliyeweka sheria ya getini. Kila asubuhi namgusa mtoto paji la uso, namtazama macho, namuuliza mama yake maswali matatu: ana homa? Ametapika? Ameharisha? Jibu likiwa ndiyo, mtoto anarudi nyumbani mpaka apone vizuri, tumbo litulie kabisa. "Hata awe mtoto wa nani," ulisema. Ulikuwa umenyoosha kidole juu kama mwalimu wa zamu.

Mama Swaumu aliijua sheria hiyo kwa mvua ya kumlowesha. Wasiomjua, huyu ni dada wa Sombetini anayefua nguo kwenye nyumba za huku kwetu, na Swaumu ni binti yake. Asubuhi moja alikuja na mtoto mgongoni, mvua inapiga, na swali la tatu akalijibu mwenyewe bila kuficha: ndiyo, kaharisha. Mimi nilikuwa nasitasita. Nilijua akirudi nyumbani kazi ya siku ile imekwenda. Wewe ulikuwepo, ukanisogeza pembeni kwa upole. "Pole dada, lakini humu ndani kuna vichanga." Na yeye akajifunika khanga vizuri, akajibu, "Sawa. Hata mimi ningekuwa nyie ningekataa." Akaondoka. Swaumu alirudi wiki iliyofuata, mzima, anarukaruka.

Sasa tuje kwenye Jumatatu yako.

Wewe ukimleta Baraka hukuwahi kupita getini. Wewe ni ndugu, unapita mlango wa uani, unaingilia jikoni, unafunua sufuria kuona kuna nini. Ndivyo tulivyo, na nani kati yetu angewaza kumsimamisha wifi yake getini amhoji kama mgeni? Jumatatu ile niko na mwiko kwenye uji, ukaingia mbio. "Wifi, nimechelewa, mpokee huyu!" Baraka kavaa sweta, kalegea, macho mazito.

Nikakuuliza, "Mbona hivi?"

"Alichelewa kulala, si unamjua kwa michezo." Ukanibusu shavuni ukaenda kazini.

Mchana Baraka akaanza kuwaka homa, na kabla sijafika na beseni alikuwa ameshachafua kitanda, nguo, na mkeka waliokuwa wanachezea wenzake. Nikakupigia. Wifi, unakumbuka ulichonijibu? "Labda kala kitu huko kwako." Nikaomba radhi! Mimi, na mwiko wangu, nikakuomba radhi, nikaanza kukagua mahindi na maziwa.

Siku chache baadaye watoto wawili wakaumwa, kisha Nuru. Mwanangu aliharisha mpaka akawa hana machozi. Alikuwa analia, uso umekunjamana, na jicho kavu. Maji ya chumvi na sukari nikimpa kwa kijiko yanarudi. Hospitali nesi alimtafuta mshipa mkono huu, akautafuta mkono ule, akaupata kwenye mguu. Wewe ulisimama pembeni yangu umenishika bega. Ulikuwa unalia, nikakubembeleza mimi wewe. Hilo ndilo linalonichoma hadi leo.

Mungu alisaidia, akapona. Tukaita mama wote sebuleni kwangu tuzungumze yaliyotokea. Na hapo, wifi, ndipo uliponimaliza. Ulikohoa kidogo ukasema, "Wenzangu, bila kumsema mtu, tuangalie pia watoto wanatoka mazingira gani. Sombetini huko, maji yenyewe tunayajua." Bila kumsema mtu! Macho yote yakahamia kwa Mama Swaumu. Nikasema jamani tusinyoosheane vidole, nani alinisikia? Mama Swaumu alisema jambo moja tu: "Mimi mlinirudisha. Nikarudi." Alikutazama wewe, shahidi wake. Wewe ukatazama simu yako. Akaenda kwenye msumari akachukua taulo la mwanawe, akaaga kila mtu kwa heshima, akatoka. Kikombe chenye utepe wa kijani alikisahau.

Jumapili yake ukaja baada ya kanisa, kwa mlango wako uleule, na mtori kwenye hotpoti. Baraka akampiga Nuru busu shavuni, akamwambia kwa ile sauti yake ya kitoto, "Na mimi niliharisha kwetu. Mama akanipa dawa tamu. Akasema tusimwambie anti."

Ukacheka. "Watoto bwana!" Nami nikataka kucheka, nakuapia, nilitaka sana. Lakini nilikuangalia usoni.

Nikakuuliza, "Ulijua?"

Ukaanza kukunja kitambaa cha hotpoti. "Nilimpa dawa ya kushusha homa tu, wifi. Bosi alishanionya. Kwani ungenirudisha, mimi?"

"Ningekurudisha."

"Basi ndiyo maana sikukwambia."

Ulilisema taratibu kabisa, kama mtu anayenieleza jambo ambalo ningepaswa kulielewa mwenyewe. Ukamshika Baraka mkono mkaondoka, na wiki ile ile mumeo akahamishiwa Dodoma, nanyi mkahama. Mtori sikuula. Nilimwaga, nikaosha hotpoti, nikaiweka juu ya kabati. Bado ipo.

Wifi, mimi sina moyo wa jiwe. Kazi naijua, bosi namjua, na hofu ya kuachishwa naijua. Kwa wenzake ningemzuia, ndiyo, lakini ungeniambia tu ukweli pale jikoni, ningemlaza Baraka chumbani kwetu peke yake, na chombo chake na poti lake, na kaka yako angeshinda naye. Au ningempigia mama mkwe ashuke. Hatukosi njia, tumekosa lini? Ulichoninyima ni neno moja tu. Ukanipeleka mimi hospitali, na mwenzetu ukampeleka kwenye fedheha, kwa kuvunja sheria uliyoitunga mwenyewe. Mkuki kwa nguruwe, wifi. Kikulacho nilikuwa nakitafuta kwenye maziwa na mahindi, kumbe ki nguoni mwangu, kimenibusu shavuni kikaenda kazini.

Mama mkwe ananiambia yaishe. Kaka yako anasema, "Ni dada yangu, nimfanyeje?" Na mimi nakukumbuka, hiyo ndiyo aibu yangu. Nikipika kitu kizuri bado nasikiliza kama kitasa cha uani kitalia. Nakuchukia kuanzia asubuhi mpaka saa sita, halafu Nuru anafanya kituko fulani na mtu wa kwanza ninayetaka kumsimulia ni wewe.

Nilikwenda Sombetini. Nilimkuta Mama Swaumu anaanika nguo za watu, nikamweleza yote, nikamwomba amrudishe mtoto. Alinisikiliza mpaka mwisho, vibanio mdomoni. Akavitoa.

"Yeye mwenyewe amesema?"

"Hapana. Nimesema mimi."

"Basi bado, dada. Walionitazama siku ile walinitazama kwa mdomo wake."

Sasa anafua na mtoto mgongoni. Mabega yanamuuma. Swaumu anazidi kuwa mzito, na wenye nyumba wengine hawataki afike na mtoto. Wifi, hilo si jambo la hospitali, halina dripu. Dawa yake ni mdomo wako tu. Namba yake unayo. Mama waliokuwa sebuleni siku ile wote utawakuta kwenye lile kundi letu la simu, na hukujitoa, naona bado umo, unasoma. Hivyo na hii utaisoma.

Kikombe cha utepe wa kijani nakiosha na vingine kila jioni, nakirudisha mahali pake. Watoto wananiuliza ni cha nani, nawaambia mwenyewe yuko njiani.

Mlango wa uani nimeutia kufuli. Kaka yako mwenyewe anazunguka mbele siku hizi, ananung'unika, lakini anazunguka. Ukija kutoka Dodoma, na ninaomba uje, pita getini kama mama wengine. Nitamgusa Baraka paji la uso. Nitakuuliza maswali yetu matatu mbele za watu, na la nne nitakuuliza Mama Swaumu umeshamwambia nini. Ukishajibu, ingia. Maji yako kwenye ndoo uliyoninunulia, na sabuni unajua ilipo.

Nasubiri getini,

Wifi yako, maana hilo hakuna wa kulifuta,
Mama Nuru