Honi za Kundi la Treni

Mdogo wangu,

Huku kwetu salama. Treni yangu ya kuchezea sasa inazunguka sebule nzima na kupita chini ya kochi. Shemeji yako kasalimu amri, anaruka reli akienda jikoni.

Kundi letu la wapenda treni nalo halijambo. Jana fundi cherehani katuma picha ya paka wake kalala kwenye ndoo. Si unajua sheria yetu, anayetoka nje ya mada anapigiwa honi. Simu ilijaa "Puuu! Puuu!" mpaka nikaizima.

Juzi nawe uliandika, "Mke wangu kahama na watoto." Kundi zima likakupigia honi. Usiwalaumu, mchekeshaji wetu ni wewe. Nami nilishaanza kuandika yangu, nikasita. Utani wako haukosi treni hata siku moja, na huu haukuwa na hata behewa.

Simu hupokei, kwa hiyo sikuombi ruhusa. Jumamosi nakuja na reli zangu zote, tuzitandaze sebuleni kwako, maana sasa nafasi ipo. Ukitaka kulia, lia. Hakuna atakayekupigia honi.

Dada yako