Maikrofoni Ilikuwa Imewashwa

Shoga, usinipigie. Nimejifungia chooni huku hospitali, natamani ardhi ipasuke inimeze.

Leo mama alikuwa anapimwa ubongo, waone kama mazoezi ya kuongea yanamsaidia, maana maneno yanazidi kumpotea. Kavalishwa kofia ya nyaya, anaonyeshwa picha azitaje. Mimi na mtaalamu tuko nyuma ya kioo.

Nikamwambia mtaalamu, "Siku hizi ni kama naishi na ukuta."

Nikacheka. Nilicheka, shoga.

Mistari ya ubongo wa mama kwenye skrini ikaruka. Mtaalamu akaniangalia, akazima taratibu maikrofoni ya kuongea na mama. Ilikuwa imewashwa muda wote.

Wiki tatu mama hajaweza kutaja kikombe. Nimeenda kumvua kofia, akanishika mkono, akasema vizuri kabisa: "Ukuta."