Bidoni za Mawese Nimeziacha Mlangoni

Mwamba na Bénie,

Sombe iko ndani ya sufuria nyeusi, muipashe moto pole pole. Mjukuu wangu Sagesse asiende masomo bila kunywa dawa yake ya kikohozi.

Mimi niko kwenye boti ya Ubundu. Juma moja, kwenda na kurudi. ~~Munisamehe.~~ Hapana, sina kosa. Musinipigie simu, nimeizima.

Bénie mkamwana wangu, wewe hukusema kitu. Ni huyu bwana yako. Asubuhi namwambia ninaenda kutembea tu, anacheka: "Mama, nani anapanda boti bure bure, bila kitu cha kuuza?" Kisha ananiletea bidoni nne za mawese, eti niuze njiani, sokoni Lokandu, safari isipotee.

Mwamba, bidoni zako ndizo zile mlangoni. Uende kuziuza wewe.

Baba yako alikuwa mtu wa reli, safari zetu zote zilikuwa za treni. Juu ya mto nilisafiri mara moja tu, wakati wa vita. Nililala kifudifudi ndani ya pirogi, wewe nimekufunga mgongoni, risasi zinapita juu yetu. Niliona maji machafu chini ya pua yangu, basi. Mto wenyewe sikuuona.

Leo nitakaa mbele kabisa, kwenye kiti, niangalie vijiji vikipita. Wakiniuliza ninauza nini, nitawaambia ninatembeza macho.

Sukari imeisha, mununue.

Mwamba, safari ile nilikubeba wewe. Hii sibebi kitu.

Mama yako